Kabla ya Yowe

Anayeibiwa maksai wawili mwezi wa Novemba ameibiwa na mahindi ya mwaka ujao. Mvua za kwanza zinaanza, jirani mwenye plau ana shamba lake la kumaliza kwanza, na trekta la kukodi linataka fedha mkononi. Nimeona kaya ikilima kwa jembe la mkono robo tu ya eneo lake la kila mwaka kwa sababu ya usiku mmoja. Yowe lilipigwa, wanaume wakatoka na marungu na tochi, kwato zikafuatwa hadi barabarani zikapotelea kwenye alama za magurudumu. Kulipopambazuka watu walikuwa wamesimama nje ya boma, wamechoka na wamekasirika, na mtu mmoja akataja jina la kijana ambaye hutajwa kila jambo linapoharibika.

Kijana yule hakuguswa, kwa sababu mama mmoja mtu mzima aliuliza: "Jamani baba zangu, kuna aliyemwona, au tunamhukumu kwa tabia?" Watu wakanyamaza.

Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya asubuhi kama ile, na zaidi kwa ajili ya miezi inayoitangulia. Sisi wa Maretadu na vijiji vya jirani, ukituuliza nani analinda kijiji, tutataja polisi, kisha sungusungu, kisha tutamtaja Mungu. Ni nadra mtu ataje halmashauri ya kijiji. Na kwa miaka mingi ya kukaa kwenye mikutano, nimeamini kwamba kijiji kinacholindwa vizuri kinajulikana mchana, kwa mkutano wake na kwa daftari lake, kabla hakijajulikana usiku kwa marungu yake.

Tuanze na nani ana kazi gani, maana hapa ndipo wengi wetu tunapotea njia na kuishia kulalamika kwa mtu asiyehusika. Polisi hawaajiriwi na halmashauri. Wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na mkuu wao wa wilaya hawajibiki kwa madiwani. Kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya inaongozwa na Mkuu wa Wilaya, ambaye ni mteule wa Rais. Halmashauri ya Wilaya ya Mbulu, yenye makao yake Dongobesh, inaongozwa na madiwani na Mkurugenzi Mtendaji. Hiyo haina bunduki wala mahabusu. Ina watendaji wa kata na vijiji, maafisa ustawi wa jamii, maafisa mifugo na bajeti, na madiwani wake ndio wanaoidhinisha sheria ndogo. Ukienda kumlilia diwani akukamatie mwizi, umemwomba asichokuwa nacho. Ukimwomba sheria ndogo ya kijiji chenu isikae mezani mwaka mzima bila kuidhinishwa, umemwomba kazi yake hasa.

Chini kabisa kuna kitongoji na kijiji. Wapo wanaomchanganya mwenyekiti wa kitongoji na balozi wa nyumba kumi. Balozi ana historia ndefu na heshima yake, tangu enzi za TANU, na Kenya walipoanzisha Nyumba Kumi mwaka 2013 waliangalia huku kwetu. Lakini balozi ni kiongozi wa chama. Anayetambuliwa na sheria za serikali za mitaa ni mwenyekiti wa kitongoji, mliyemchagua, na wa mwisho kuchaguliwa walichaguliwa tarehe 27 Novemba 2024. Taarifa yako ya kwanza ipeleke kwake.

Halmashauri ya kijiji ina wajumbe wasiozidi 25. Inapaswa kukaa kila mwezi, na ina kamati tatu za kudumu, mojawapo ikiwa ya ulinzi na usalama. Juu yake kuna mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na huo huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyoweka utaratibu huu, kwa hiyo mkutano mkuu ni haki yako, si fadhila ya mwenyekiti. Kijiji kisichoitisha mkutano mkuu mwaka mzima kimewanyima wakazi wake mahali pekee wanapoweza kuuliza kwa sauti: doria ilifanyika siku ngapi, faini zilizokusanywa ziko wapi, na yule aliyepelekwa polisi mwezi wa tatu, kesi yake imefika wapi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mdogo, na ni mgumu kuliko unavyosikika. Nenda mkutanoni. Usitume mtoto, usipite njiani na kusimama nyuma na baiskeli yako dakika kumi. Nenda na swali moja ulilolifikiria nyumbani, na ukae mpaka lijibiwe. Akidi ikikosekana, mkutano huahirishwa, na wanaonufaika na kuahirishwa kwake ni wale wasiopenda maswali.

Ukifika, sikiliza kama muhtasari wa mkutano uliopita unasomwa. Usiposomwa, nyosha mkono uombe usomwe. Muhtasari ndio unaokumbuka kwamba mlikubaliana kila kitongoji kitoe watu sita wa doria, au kwamba kilabu cha pombe kitafungwa saa fulani. Bila muhtasari, kila mkutano unaanza upya kama watu waliokutana stendi.

Pamoja na muhtasari kuwe na daftari la matukio. Kaunta buku la kawaida linatosha. Kila kitongoji kiandike tarehe, saa, mahali, kilichotokea, nani alitoa taarifa na hatua gani ilichukuliwa. Mbuzi mmoja kupotea ni jambo dogo, na mwenye mbuzi anaweza kuona aibu kuliandikisha. Lakini mbuzi saba ndani ya miezi miwili, wote wakipotea usiku wa kuamkia siku ya mnada na wote upande mmoja wa korongo, hao wamekwisha kukuambia mwizi anapita wapi na anauza wapi. Mkaguzi wa polisi wa kata akija, mwonyesheni ukurasa huo. Askari mmoja mwenye eneo kubwa na pikipiki moja hawezi kuwa kila mahali. Mwenye daftari anamsaidia kuchagua pa kwenda.

Sasa sungusungu. Jeshi hili la jadi lilianzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe ulipokuwa umewazidi wananchi, likasambaa mikoani. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa na kuwapa walinzi wa jadi uwezo wa kukamata. Kukamata. Hazikuwapa uwezo wa kuhukumu, kuchapa viboko, kumfunga mtu kamba usiku kucha au kumtoza ng'ombe papo hapo. Nayasema haya nikijua yatawaudhi baadhi ya wazee wangu, maana ni kweli kwamba kuna wakati mwizi alikuwa akirudi kijijini kutoka kituoni kabla ya mlalamikaji hajafika nyumbani, na watu wakakata tamaa. Hasira hiyo naielewa. Lakini aliyepigwa mpaka akafa hataji wenzake, hasemi ng'ombe waliuzwa wapi, na waliompiga wanakuwa washtakiwa wa mauaji, huku mwenye mali akibaki bila mali. Na mara nyingine aliyepigwa siye.

Doria yenye manufaa ina orodha. Majina ya wanaolinda usiku huu yaandikwe na mwenyekiti wa kitongoji ayajue, zamu zizunguke ili wasilinde maskini peke yao, na kiongozi wa zamu awe na namba ya simu ya mtendaji na ya mkaguzi wa kata. Mtu akikamatwa, saa ya kukamatwa iandikwe, vitu alivyokutwa navyo viandikwe mbele ya mashahidi wawili, apelekwe polisi bila kucheleweshwa. Mlalamikaji aondoke kituoni na namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yake. Kama kuna aliyejeruhiwa, fomu ya PF3 ichukuliwe ili daktari aandike alichokiona. RB hailipiwi. Dhamana ya polisi nayo haina malipo. Ukiombwa fedha, namba ya TAKUKURU ni 113.

Kesi nyingi za wizi wa mifugo hazifi kwa sababu ya rushwa peke yake, ingawa rushwa ipo. Zinakufa kwa sababu mashahidi hawatokei. Siku ya kusikilizwa kesi imeangukia siku ya kupalilia, nauli ya kwenda mahakamani haipo, na mtuhumiwa ni mpwa wa shemeji. Kijiji kinachotaka wezi wafungwe kikubaliane kwenye mkutano mkuu jinsi mashahidi watakavyosaidiwa nauli, na kiasi hicho kiandikwe kwenye mapato na matumizi. Nimeona kijiji kikichanga fedha nyingi za betri za tochi na kisichange hata shilingi ya nauli ya shahidi.

Kuhusu faini, kijiji hakiwezi kumtoza mtu kwa kuwa mwenyekiti amesema. Lazima kuwe na sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji inaiandaa, mkutano mkuu unaitolea maoni, kisha inapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa, na ni hapo tu inapokuwa na nguvu. Wakazi wengi hawajawahi kuziona sheria ndogo za kijiji chao. Omba nakala kwa mtendaji, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, na isomwe kwa sauti mkutanoni, ikiwezekana ifafanuliwe kwa Kiiraqw na Kidatoga, maana kuna bibi na wafugaji wengi ambao Kiswahili cha sheria kinawapita. Na kila faini iwe na stakabadhi. Faini isiyo na stakabadhi inamfundisha kijana aliyelipa kwamba uongozi nao unanyang'anya.

Sheria ndogo ninayoiona ya manufaa kuliko zote kwa eneo letu ni ya mifugo kutoka kijijini. Mwizi wa ng'ombe hali ng'ombe kumi. Anawauza, na ili kuwauza lazima apite mnadani, machinjioni au kwenye lori. Tangu mwaka 2010 tuna Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo, iliyoleta chapa na hereni. Wafugaji wengi walizipokea hereni kwa mashaka, wakiogopa kodi. Lakini ng'ombe mwenye alama iliyoandikwa kwenye rejesta ni mzigo mzito kwa mwizi. Kijiji kikubaliane kwamba anayepeleka mnyama mnadani anabeba barua ya mtendaji yenye jina lake, idadi, rangi na alama, na mwenyekiti wa kitongoji awe ameshuhudia. Kisha zungumzeni na viongozi wa mnada wa Haydom na minada mingine mnayoitumia, wajue mhuri wenu na saini ya mtendaji wenu. Wazungumze pia madiwani wa kata za mpakani, wa upande wa Hanang na wa upande wa Singida, kwa sababu ng'ombe aliyevushwa usiku mmoja amekwisha kuvuka mamlaka ya mtendaji wako. Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake na wenyeviti wa vijiji vyote ni wajumbe, ndiyo mahali pa kuanzia mazungumzo hayo.

Nimekaa sana kwenye ng'ombe. Lakini yapo mapigano ambayo hayaanzi na mwizi. Yanaanza na mpaka wa shamba, au njia ya mifugo iliyolimwa. Huku kwetu wanaishi Wairaqw wanaolima na kufuga, Wadatoga wanaofuga, na kule bonde la Yaeda Wahadzabe wanaowinda na kurina asali, na ardhi ni hiyo hiyo. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini walipata hati ya haki miliki ya kimila kwa ajili ya jamii yao yote, baada ya mpango wa matumizi ya ardhi kukubaliwa na vijiji. Msitu wao ukawa na mipaka iliyoandikwa, na mwenye kuingia na jembe akawa anajua anavunja nini. Kwa upande mwingine, mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw, wilayani Hanang, iliishtaki NAFCO, shirika la kilimo la serikali, kwa ajili ya ardhi iliyochukuliwa kwa mashamba ya ngano. Mahakama Kuu iliwapa wanakijiji haki, Mahakama ya Rufani ikaubatilisha uamuzi huo. Sehemu ya kilichowaangusha ilikuwa ni kushindwa kuonyesha kwamba kijiji kilikuwa kimegawiwa ardhi ile kisheria. Naisoma kesi ile kwa uchungu, maana Wabarabaig, ambao ni Wadatoga, walioishi pale na kuzika wazee wao pale walishindwa na karatasi.

Kama kijiji chenu hakina mpango wa matumizi bora ya ardhi, ombeni halmashauri ya wilaya iuingize kwenye bajeti, na msichoke kuomba. Ugomvi ukitokea kabla ya mpango, anzieni baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao lazima wawe wanawake. Ujue pia kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza la kata halitoi tena hukumu kwenye migogoro ya ardhi. Linasuluhisha ndani ya siku 30, na likishindwa mnaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bado wapo watu wanaolipishwa fedha kwa "hukumu" za kata zisizo na nguvu. Usilipe.

Lipo jambo ambalo mikutano yetu hulikwepa kwa kukohoa. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 58 ya wanawake wa mkoa wetu wa Manyara wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 43. Imepungua, na bado iko juu kuliko karibu mikoa yote nchini. Tangu mwaka 1998 sheria inamlinda msichana aliye chini ya miaka 18, na anayemkeketa au kumpeleka akeketwe anatenda kosa la jinai. Pale watu walipoogopa sheria, wengine wameanza kuwakeketa watoto wachanga, ambao hawawezi kumwambia mwalimu. Kamati ya usalama inayojadili mbuzi na isimjadili mtoto huyu haijakamilisha agenda yake.

Wanawake wa huku hawakuanza kujilinda jana. George Klima, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeishi na Wabarabaig miaka ya 1950, aliandika kuhusu girgwageda gademga, baraza la wanawake lililokuwa na uwezo wa kumtoza faini mwanamume aliyewakosea. Uwezo huo uingie kwenye kamati ya kijiji. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza mwaka 2017, ulitaka kila kijiji kiwe na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto. Uliza kama yenu ipo, nani wajumbe, na walikaa lini. Wawepo mkunga wa jadi, mwalimu, mhudumu wa afya na mama anayeaminiwa na wasichana. Wakae kabla ya likizo ya Desemba, wasichana wakiwa bado hawajapelekwa kukeketwa, si Januari. Mtoto au mtu yeyote anayemjua mtoto aliye hatarini anaweza kupiga 116 bila malipo, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linapokea kesi hizi faragha. Kinachoniumiza zaidi ni kesi ya ubakaji inayomalizwa kwa mbuzi na blanketi kati ya wazee wa pande mbili. Mtendaji anayeweka saini kwenye suluhu hiyo anashiriki kuficha jinai, na halmashauri ya wilaya iliyomwajiri inapaswa kuambiwa, kwa barua.

Ulinzi wa kijiji unahusu maafa pia. Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na Gendabi, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Wengi wetu tulikuwa na ndugu huko. Mwaka mmoja kabla, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 ilikuwa imetaka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Kamati ya kijiji haizuii mlima kuporomoka. Inaweza kujua nani anaishi chini ya mteremko, nani hawezi kukimbia, watu wakimbilie shule gani, na nani anapiga filimbi usiku mvua ikizidi. Inaweza pia kukataa kugawa kiwanja kwenye mkondo wa korongo hata kama ni kiangazi na mkondo umekauka. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu mwombaji anakuwa kijana wenu, na ana haraka ya kuoa.

Yapo mengine madogo ambayo hayahitaji maneno mengi: kukata vichaka kwenye njia ya kwenda shule, kusajili bodaboda na kuwapa vizibao vyenye namba, kuandikisha wageni kwa mwenyekiti wa kitongoji. Katika hili la wageni naomba tahadhari. Kumwandikisha mgeni ni kumjua. Si ruhusa ya kumsumbua mchungaji wa Kidatoga kila anapopita na mifugo yake.

Mkutano mkuu ujao ukitangazwa, muone mwenyekiti wa kitongoji chako siku tatu kabla, umwombe agenda ya ulinzi iwe ya pili badala ya mengineyo, maana kwenye mengineyo jua limeshazama na kina mama wamekwenda kukamua. Chukua kalamu. Andika tarehe, idadi ya waliohudhuria, kilichokubaliwa, na jina la aliyepewa kukitekeleza. Mtendaji akimaliza kusoma taarifa yake, linganisha na ulichoandika mara iliyopita, na kama kuna kilichorukwa, simama ukiseme kwa heshima, ukianza kwa kuwasalimu wazee.